Lodi North Hakung'ang'ania Madaraka: Dhana Potofu na Ukweli

Karibu kila rundo la insha ninazosahihisha kuhusu Uingereza ya karne ya 18 lina sentensi ileile: kwamba Frederick North, maarufu kama Lodi North, alikuwa waziri mkuu mkaidi aliyeng'ang'ania madaraka hadi akaipotezea nchi yake makoloni 13 ya Marekani. Sehemu ya pili ina ukweli ndani yake, kwa kuwa makoloni yalipotea mikononi mwake. Sehemu ya kwanza ni kinyume kabisa cha yaliyotokea, na kwa kweli nimechoka kuisoma.

North aliongoza serikali tangu Januari 1770 hadi Machi 1782. Habari za jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Burgoyne kusalimu amri huko Saratoga, Marekani, Oktoba 1777, zilipofika London, alitambua kwamba vita dhidi ya makoloni hayo vimemwelemea, na kuanzia hapo akawa anamwomba Mfalme George III ampumzishe, barua baada ya barua, akikiri waziwazi kwamba hana uwezo wa kuongoza nchi wakati wa vita na hata kupendekeza wapinzani wake waitwe serikalini. Mfalme alikataa kila mara, kwani hakuwa tayari kujiweka chini ya upinzani. Ukaidi, kama ni lazima tuutafute, ulikuwa katika kasri na si kwa waziri.

Kwa nini basi hakuondoka tu? Hapa ndipo wengi wanaposahau kuutazama mfuko wake. Alikuwa mrithi wa kabaila tajiri, lakini baba yake, Lodi Guilford, aliishi hadi mwaka 1790 akiwa na umri wa miaka 86, wala hakuwa mwepesi wa kutoa. North alikuwa na familia kubwa na madeni yaliyomkosesha usingizi, na mnamo Septemba 1777 Mfalme alijitolea kumlipia hadi pauni 20,000. Mtu aliyekwisha pokea fadhila ya namna hiyo haondoki kirahisi. Kosa lake kubwa lilikuwa kushindwa kumwambia Mfalme hapana, na kosa hilo ni zito vya kutosha bila ya sisi kumbunia jingine. Ushauri wangu kwa wanafunzi haubadiliki: someni barua baina yake na Mfalme, ambazo zimekwisha chapishwa, kabla ya kumhukumu mtu kwa picha za vibonzo vya mahasimu wake.

Alipopata mwanya, hakuchelewa. Tarehe 27 Februari 1782, baada ya jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Cornwallis kushindwa Yorktown, Marekani, Baraza la Makabwela lilipitisha hoja ya kupinga kuendelea na vita vya Marekani kwa kura 234 dhidi ya 215. Tarehe 20 Machi, wapinzani wakiwa wamejiandaa kwa hoja ya kumng'oa, alisimama kabla yao akatangaza kwamba serikali yake imefikia mwisho. Wabunge waliotarajia mjadala wa usiku kucha walikuwa wamerudisha magari yao ya farasi nyumbani. Gari la North lilikuwa likimngoja nje kwenye theluji, naye akawaaga kwa utani kwamba hiyo ndiyo faida ya kuijua siri.

Dhana nyingine, kwamba North aliwaudhi wakoloni kwa kuwapandishia bei ya chai, haihitaji maneno mengi. Sheria ya Chai ya mwaka 1773 haikuongeza bei. Iliipunguza, kwa kuwa Kampuni ya India ya Mashariki iliruhusiwa kupeleka chai makoloni moja kwa moja na kurejeshewa ushuru iliolipia Uingereza. Kilichowaudhi watu wa Boston, huko makoloni, ni ushuru wa peni 3 kwa ratili, uliowekwa na Bunge wasilokuwa na mwakilishi ndani yake, pamoja na hofu ya wafanyabiashara wao, wakiwemo wa magendo, kupoteza soko. Ushuru huo ulikuwa wa Charles Townshend, waziri wa fedha wa wakati huo, wa mwaka 1767. Baraza la mawaziri liliamua kuubakiza mwaka 1769 kwa tofauti ya kura moja, North akiwa miongoni mwa waliotaka ubaki, na kwa hilo alaumiwe.

Wengine hudhani kwamba kwa kuitwa Lodi alikaa katika Baraza la Malodi. Hiyo ilikuwa heshima tu ya mtoto wa kabaila. Yeye alikuwa mbunge wa Banbury tangu mwaka 1754 hadi alipomrithi baba yake. Uvumi kwamba alikuwa ndugu wa Mfalme kwa baba umejengwa juu ya kufanana kwao sura, na juu ya Mwanamfalme Frederick, babake George, kuwa baba yake wa ubatizo. Ushahidi mwingine haupo.

Na wanaodai kwamba alibaki kibaraka wa Mfalme hadi mwisho waueleze mwaka 1783, alipoungana na Charles James Fox, mpinzani wake wa miaka mingi, wakaingia serikalini mwezi Aprili huku Mfalme akichukia. Desemba, Mfalme aliwafikishia Malodi ujumbe kwamba atakayeunga mkono muswada wa Fox kuhusu India atahesabiwa kuwa adui yake. Muswada ukaanguka, na Fox na North wakafukuzwa pamoja.