Gogo halikaushwi jua ndipo lipasuliwe

Mwembe ukiangushwa na upepo huku Lindi, ushauri unaosikika kila ua ni mmoja: liache gogo mwaka mzima likauke, ndipo upasue mbao. Ushauri huo umeshaharibu magogo mengi mazuri, na inauma kuyaona yakiishia kuwa kuni.

Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni. Tena mti hunywea, yaani husinyaa, kwa kufuata mviringo wa pete zake karibu mara mbili ya unavyonywea kuelekea kiini. Gogo zima haliwezi kuhimili mvutano huo, kwa hiyo linapasuka nyufa kama miale ya jua lichomozalo. Wakati huohuo, katika joto la pwani, ukungu unalitia madoa na wadudu wanatoboa chini ya gamba. Mwembe hauvumilii hata kidogo.

Basi pasua likiwa bichi. Msumeno wa watu wawili hupita kwa urahisi zaidi kwenye mti wenye maji, maana mti mgumu ukikauka huchosha mikono na kumaliza meno ya msumeno. Piga mistari pande zote mbili za gogo kwa kamba iliyopakwa mkaa, na uongeze unene kidogo kwa ajili ya kunywea.

Kinachokaushwa ni mbao. Zipange kivulini, penye upepo, juu ya matofali, ukitenganisha kila safu kwa vijiti vikavu vya unene mmoja, vya kila safu vikae sawasawa juu ya vile vya safu ya chini yake. Ncha zipake rangi ya mafuta siku hiyohiyo.