Je, Wajua Kwa Nini Wimbo wa Billie Davis Uliishia Nafasi ya 33?

Oktoba 1968, wimbo "I Want You to Be My Baby" wa Billie Davis, mwimbaji wa kike wa Uingereza, uliotolewa na kampuni ya Decca, uliingia katika chati ya Uingereza, yaani orodha ya santuri zilizouzwa zaidi, ukapanda hadi nafasi ya 33, kisha ukaporomoka. Anayeusikiliza leo hushangaa ulipungukiwa na nini, ilhali wimbo wenyewe haukupungukiwa na kitu. Zilizopungua ni santuri madukani, kwa sababu wafanyakazi wa kiwanda kilichozitengeneza walikuwa wamegoma.

Davis, aliyezaliwa katika mji wa Woking, Uingereza, mwaka 1945 kwa jina la Carol Hedges, hakuwa mgeni wa chati. Mwaka 1963 aliifikisha "Tell Him" nafasi ya 10, lakini Septemba ya mwaka huohuo akaumia katika ajali ya gari, na safari yake ikakatika njiani. Wimbo wa 1968 ndio uliokuwa na nguvu ya kumrudisha. Mwanamuziki wa Marekani Jon Hendricks aliutunga kwa mtindo wa jazi, na mwenzake Louis Jordan akaurekodi mwaka 1953; maneno yake yanamiminika kwa kasi hata mwimbaji hapati nafasi ya kuvuta pumzi. Davis aliyachapuza yote bila kumeza silabi, huku nyuma yake wakiitikia waimbaji Kiki Dee, Madeline Bell na Doris Troy, sauti ambazo kila moja ingeweza kubeba santuri yake peke yake. Kwa maoni yangu, uitikiaji huo ndio unaoupa wimbo ladha ya soul, muziki wa Wamarekani weusi wenye mizizi katika nyimbo za kanisani, kwani unamsukuma mwimbaji kama kwaya inavyomsukuma mhubiri.

Kwa nini basi mgomo uliweza kuuangusha? Wakati huo kila nakala ilipita mikononi mwa watu. Donge la plastiki lililolainishwa kwa moto liliwekwa kati ya kalibu mbili za chuma, zenye matuta mahali ambapo santuri ingekuwa na mifereji. Mashine ikalibana kwa shinikizo kubwa, sahani ikapozwa kwa maji, kisha kingo zake zikakatwa. Mafundi walipoondoka, mashine zilinyamaza, na hakukuwa na njia nyingine ya kumfikishia mnunuzi wimbo huo.

Chati nayo ilitegemea mauzo ya madukani, haikuhesabu hamu ya watu. Kijana aliyeusikia wimbo redioni katikati ya juma alikwenda dukani Jumamosi akiwa na fedha ya santuri moja. Akiambiwa imekwisha, aliondoka na ya mwimbaji mwingine. Santuri ndogo, yenye wimbo mmoja kila upande, ilikuwa na majuma machache tu ya kuvuma, kwa hiyo nakala zilizochelewa zilikuta rafu zimejaa nyimbo mpya na watangazaji wa redio wamekwisha kuhamia kwingine.