Jike akiwa kwenye joto: namna ya kukaa na mbwa dume nyumbani

Mbwa jike anapoingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka kupandwa, na kuanza kutoa damu, wenye mbwa wengi humtenga na dume siku hiyo hiyo, na hapo wanafanya vema. Tatizo huja kwenye siku ya tisa au ya kumi. Damu inapauka, inafanana na maji yaliyosuuziwa nyama, jike ametulia, na mwenye nyumba anaona mambo yamekwisha. Anafungua banda. Miezi miwili baadaye anakuja kwetu kliniki ya mifugo kuuliza imekuwaje jike ana mimba ilhali wakati wote wa damu alikuwa amefungiwa.

Imekuwa hivyo kwa sababu alimfungulia katika siku zile zile ambazo mbwa hushika mimba.

Damu ya mbwa haina kazi moja na hedhi ya mwanamke. Mwanamke hutokwa damu baada ya yai kutoka na kukosa kurutubishwa. Mbwa hutokwa damu kabla: mji wa mimba unajiandaa, yai bado. Kipindi hicho cha kwanza huchukua kama siku tisa, ingawa kwa wengine ni siku tatu tu na kwa wengine zaidi ya wiki mbili. Uke huvimba, madume hukusanyika, lakini jike huwakatalia. Hukaa chini, hunguruma, hata huuma. Kisha huingia kipindi cha pili, nacho ni kama siku tisa kwa wastani na kinaweza kufika wiki tatu. Hapo ndipo damu hupauka na uvimbe wa uke hulegea. Ukimgusa jike kiunoni, husimama imara na kupeleka mkia pembeni. Huyo yuko tayari kupandwa, na dume yeyote atakayemfikia atapokelewa.

Tena mbegu za dume zinaweza kuishi ndani ya jike kwa wiki nzima, na mayai ya mbwa hutoka yakiwa machanga, yakahitaji siku mbili tatu kukomaa. Ndiyo maana kupandana mara moja tu, siku unayodhani ni mapema mno, kunatosha kuleta mimba. Jike akipandwa na madume watatu anaweza kuzaa watoto wenye baba watatu katika uzao mmoja.

Kwa hiyo usiongozwe na damu, ongozwa na kalenda. Siku utakayoona uvimbe au tone la kwanza, andika tarehe, kisha hesabu wiki nne kamili. Wiki tatu huwatosha majike wengi. Ya nne ni kwa ajili ya yule ambaye joto lake ni refu, nawe huwezi kujua mapema kama wako ni yeye. Kabla ya kuwarudisha pamoja hakikisha uvimbe umeisha, ute umekauka, na jike anamfukuza dume akimkaribia. Majike wachanga wakati mwingine huanza joto, likakatika, halafu likarudi baada ya wiki kadhaa. Ukiona limeanza upya, anza kuhesabu upya.

Jike hupata joto la kwanza akiwa na umri wa kati ya miezi sita na mwaka mmoja, na wale wa aina kubwa huchelewa zaidi. Baada ya hapo hurudia kila miezi sita au saba hivi. Basenji, mbwa mwenye asili ya Kongo, kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Dume naye anaweza kutia mimba akiwa bado anaonekana mtoto, tangu miezi sita hivi. Hapa tunawaomba wenye mbwa watuelewe vizuri: undugu hauwazuii mbwa. Kaka atampanda dada yake wa uzao mmoja, na mtoto atampanda mama yake.

Wapo majike wanaojilamba sana hata damu isionekane. Kwa hao, dume ndiye atakayekujulisha. Utamwona ananusa mahali jike alipokojoa, analamba ule mkojo, meno yanagongana na mate yanatoa povu mdomoni. Watu hushtuka wakidhani ni ugonjwa. Anapofanya hivyo anaipeleka harufu kwenye kiungo kidogo kilichopo juu ya kaakaa, kinachomwambia kama jike yuko kwenye joto.

Milango miwili

Senyenge peke yake haitoshi. Mbwa huweza kupandana kupitia uwazi wa senyenge, huchimba chini ya mabati, hutafuna mbao, na dume ambaye hajawahi kuruka ukuta anaweza kuuruka wiki hiyo. Ushauri wetu ni kwamba kati ya dume na jike kuwe na milango miwili inayofungwa. Mlango mmoja mtoto atausahau, au dada wa kazi atapita na beseni la nguo, na sekunde hizo chache zinatosha. Stoo ya nje yenye ukuta wa tofali, mlango mzima na dirisha la kupitisha hewa ni mahali pazuri pa jike, hasa kwa nyumba ambazo mbwa haingii ndani. Apate maji wakati wote, mahali pakavu pa kulala, na atolewe kwa mkanda na kamba mara kadhaa kwa siku, dume akiwa amefungiwa kwanza. Pale anapokojoa mwagia maji ya sabuni, kwani harufu iliyobaki uani ndiyo inayomzungusha dume usiku kucha.

Usimfunge jike kwa mnyororo nje ukadhani umemlinda. Umemwondolea uwezo wa kukimbia, na madume ya mtaa mzima yatamkuta pale pale alipo. Dume pia usimfunge kwa mnyororo mfupi kwa wiki nne. Akiwa katika hali hii hujirusha na kujinyonga na mkanda, hujizungushia mnyororo kwenye mti hadi maji yasifikike, na jua linamkuta hapo. Banda lenye sakafu ngumu na paa ni bora zaidi.

Nyumba nyingi za mjini hufungia mbwa mchana na kuwafungulia wote wawili usiku ili walinde. Katika wiki hizi nne utaratibu huo usimame. Mwache dume peke yake azunguke uani, jike akiwa ndani ya ile stoo, lakini usitegemee ulinzi wa kawaida, maana atalala mlangoni pa jike na si getini. Mwambie mlinzi kwa maneno wazi asibadilishe kitu, na ufunguo wa stoo ukae na mtu mmoja. Uwazi chini ya geti uzibwe kwa tofali au ubao, kwa kuwa mbwa koko watakuja.

Kama una ndugu au rafiki anayeweza kumpokea mbwa mmoja, mpeleke dume. Ukimpeleka jike, umehamisha shida tu: madume ya kule yataanza kukusanyika nyumbani kwa mwenzako. Dume akiwa mbali na harufu hutulia na kurudi kwenye chakula chake.

Hali ya dume mwenyewe

Dume asipofika kwa jike hulia, hutembea huku na huko, hukojoa kila kona, na anaweza kuacha chakula kwa siku moja au mbili. Msimpige. Kelele hizo anazitoa kwa sababu mwili wake unamsukuma, na kipigo hakipunguzi harufu wala homoni. Kinachomsaidia ni kuchoka: mtoe alfajiri kwa kamba, atembee au akimbie mwendo mrefu kuliko kawaida, arudie jioni, na abaki kwenye kamba hata kama siku nyingine huwa anakutii bila kamba. Mbwa mtiifu kabisa akinasa harufu hiyo anaweza kuvuka barabara kuu bila kutazama, na madume wengi hugongwa na magari kwa namna hii. Chakula mpe kidogo kidogo, na umsogeze banda lake upande ambao upepo hautoki kwa jike.

Hapa pana jambo ambalo tungependa kila mwenye mbwa alishike. Usiliweke kila tatizo kwenye joto la jike. Homa ya kupe huanza kwa mbwa kuacha kula na kunyong'onyea, na tumewapokea madume waliocheleweshwa kwa sababu nyumbani walisema "huyu anamtaka mwenzake tu". Watazame vizuri. Dume anayemtaka jike ana macho makali, masikio yamesimama, hatulii, na maji anakunywa. Mbwa mgonjwa hujilaza, mwili una moto, ufizi umepauka, au anatapika. Huyo wa pili, na yeyote aliyekaa zaidi ya siku mbili bila kula, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Ukiwa na madume wawili, watenganishe pia wao kwa wao, hata kama wamekua pamoja na hawajawahi kuumana. Wakianza kupigana usitie mkono katikati. Tumia ubao, kiti, blanketi zito au ndoo ya maji. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, awe ameumwa na mbwa wa nyumbani au wa mtaani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na mbwa ndio wanaosababisha hadi asilimia 99 ya vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo. Makundi ya madume yanayomfuata jike mtaani na kuumana ni njia moja ya virusi hivyo kupita kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Watoto wasikaribie kundi hilo, na chanjo za mbwa wako wote ziwe hai kabla ya joto kuanza.

Wakishapandana

Ukiwakuta wamenasana, waache. Sehemu ya uume wa mbwa huvimba ikiwa ndani ya jike, na huchukua dakika 10 hadi 30, pengine zaidi, kabla ya kuachana. Kuwavuta, kuwapiga mawe au kuwamwagia maji huwajeruhi wote wawili na hakuzuii mimba, kwa kuwa mbegu zimeshatangulia. Wazuie watoto wasiwasumbue, subiri, kisha andika tarehe. Mimba ya mbwa huchukua kama siku 63.

Kama hukutaka mimba hiyo, njoo umwone daktari ndani ya siku chache, usingoje tumbo lionekane. Usichukue sindano ya uzazi wa mpango ya wanawake ukamdunga mbwa, wala usikubali mtu akufanyie hivyo mtaani, iwe ni kuzuia joto au kutoa mimba. Homoni hizo humletea jike usaha ndani ya mji wa mimba na uvimbe wa matiti, na usaha huo unaua. Hata bila sindano, jike mzima asiyeondolewa kizazi anaweza kuupata wiki kadhaa baada ya joto. Akinywa maji kupita kawaida, akaacha kula au akatoa uchafu unaonuka, mlete upesi.

Mtazame dume pia, hasa kama alitoroka. Kuna saratani ambayo mbwa huambukizana kwa kupandana na hata kwa kulambana, chembe hai za uvimbe wa mmoja zikihamia kwa mwingine na kuota pale. Ukiona damu inamtoka kwenye uume wiki kwa wiki, au nyama laini nyekundu inayotoa damu ikiguswa, usidhani aliumia ukutani. Hutibika vizuri kwa sindano za kila wiki zikianza mapema.

Kwa nyumba isiyotaka kuzalisha mbwa, wiki hizi nne zinaweza kuwa za mwisho. Dume ahasiwe na daktari, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Burdizo, lile koleo la kuhasia ng'ombe, na mipira ya kuhasia ndama visimguse mbwa. Baada ya kuhasiwa bado ana mbegu zilizobaki kwenye mirija, kwa hiyo mtenge na jike kwa wiki sita, na ujue kwamba dume aliyekwisha kuzoea kupanda anaweza kuendelea kupanda na hata kunasana, ingawa hatatia mimba. Jike hutolewa kizazi, lakini tunapendelea asipasuliwe akiwa kwenye joto, kwa kuwa mishipa imejaa na damu hutoka nyingi. Ile tarehe ya kuanza joto uliyoandika, njoo nayo kliniki: tutahesabu miezi miwili hadi mitatu kutoka hapo na kukupangia siku.