Je, wajua kwa nini mashamba mawili ya zabibu yaliyopakana yanaweza kutoa mvinyo tofauti kabisa?

Aina ya zabibu ni ile ile, mkulima anaweza kuwa ni yule yule, ila mvinyo wa shamba moja umechangamka mdomoni na wa shamba la pili ni mtamu umepooza. Wengi wanakimbilia kusema ni udongo. Sawa, udongo una mchango wake, ila mimi naona tunasahau sana usiku.

Iko hivi, mchana jani linatumia jua kutengeneza sukari na sukari inaenda kujaa kwenye tunda, usiku hakuna jua lakini tunda bado linapumua, na likipumua linachoma asidi yake, hasa asidi ya maliki, ile inayofanya tufaha bichi likung'ate ulimi. Usiku ukiwa wa joto asidi inaisha haraka, ukiwa wa baridi inabaki, na hiyo ndiyo inayochangamsha mvinyo. Ndo maana Napa na Sonoma kule California zina bahati, mchana jua kali halafu usiku unaingia ukungu kutoka upande wa bahari unapoza kila kitu.

Sasa hewa ya baridi ni nzito, inashuka mteremko kama maji na kutuama bondeni, kwa hiyo shamba la chini linaweza kuunguzwa na sakitu (umande ulioganda) wakati la juu yake halina habari kabisa. Chablis, Ufaransa, wanalijua hilo vizuri kwa sababu machipukizi yanatoka mwezi wa 4 na baridi kali bado haijaondoka. Dawa yao mojawapo inashangaza: wanamwagia mizabibu maji usiku huo huo wa baridi! Maji yanapoganda yanaachia joto kidogo, basi chipukizi linakaa ndani ya ganda la barafu linalong'aa kama kioo, kwenye nyuzi 0 hivi, na halifi. Ila maji yasikatike mpaka jua lipande na barafu ianze kuyeyuka, yakikatika mapema hasara inaweza kuwa kubwa kuliko kama wasingemwagia kabisa. Aprili 2021 baridi ilipopiga sehemu kubwa ya Ufaransa, wengine walikesha wakiwasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari.

Mvua nayo ikija karibu na mavuno zabibu zinanywa maji zinavimba, nyingine zinapasuka.

Lakini kinachonivutia kuliko vyote ni Sauternes, huko huko Ufaransa, wanakotengeneza mvinyo mtamu. Kijito cha Ciron kina maji baridi, kinaingia mto Garonne wenye maji ya joto zaidi, na asubuhi za vuli ukungu unatanda mashambani. Ukungu huo wa hewa unaleta ukungu wa pili, ule wa kuvu, unaoota kwenye maganda. Sehemu nyingine huo ni msiba, ila hapa jua la mchana linaukausha usizidi, kuvu inatoboa ganda, maji yanatoka na sukari inabaki. Zabibu inasinyaa, inakuwa ya kahawia na ina vumbi la kijivu, ukiiona unaweza kuitupa. Na kwa kuwa haziivi pamoja, wachumaji wanarudi shamba lile lile mara kadhaa ndani ya wiki kadhaa, wakichagua zilizosinyaa tu na kuacha nyingine zisubiri ukungu wa asubuhi nyingine.