Mnara unaokimbia: 4G na 5G zikipelekwa angani

Mtu akisikia kwamba simu ya kawaida inawasiliana na setilaiti, huuliza kwanza kuhusu nguvu: kifaa kidogo vile kitafikishaje mawimbi kilomita 600 juu? Ni swali la haki, ila antena kubwa ya setilaiti inafidia mengi. Kinachotutoa jasho sisi wa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano ya mitambo, ni muda.

4G na 5G ziliandikiwa mnara uliosimama. Mnara huiambia kila simu itume mapema kiasi gani ili mawimbi ya simu zote yafike kwa zamu, na katika LTE (yaani 4G) utaratibu huo unaishia umbali wa kilomita 100 hivi. Sasa mnara huo upo kwenye setilaiti inayokwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Kipimo cha sasa hivi kinachakaa papo hapo.

Halafu kuna Doppler: masafa ya mawimbi hubadilika chanzo chake kinaposogea. Kwenye gigahezi 2, setilaiti inapochomoza upeoni, masafa husogea kwa zaidi ya kilohezi 45. Vijimkondo vya LTE, yaani njia ndogo za masafa zinazobeba data, vimepishana kwa kilohezi 15 tu, kwa hiyo ishara inaangukia njia ya tatu kutoka ile yake.

Toleo la 17 la viwango vya 3GPP (muungano unaoandika viwango vya mitandao ya simu), la mwaka 2022, lilitatua hili kwa namna ninayoipenda: ishara yenyewe haikuguswa. Simu hujua ilipo kwa GPS, setilaiti hutangaza njia yake, na simu hupiga hesabu ya ucheleweshaji na Doppler kabla ya kutuma. (Ukikosa GPS, umekwama.)

Risiti za pakiti, yaani majibu ya kuthibitisha kwamba kipande cha data kimefika, ni ngumu zaidi. 5G iliruhusu pakiti 16 kusubiri majibu kwa pamoja; zikaongezwa hadi 32. Kwa setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu, ambako kwenda na kurudi ni karibu nusu sekunde, hata 32 hazitoshi, basi risiti zinaweza kuzimwa na tabaka la juu likabeba kazi ya kurudia.

Juu ya Mwezi wenyewe 4G haisumbuki sana, kwani umbali ni mfupi. Mtambo wa Nokia ulifika huko Machi 2025. Chombo kikatua kwa ubavu, mtandao ukapata umeme kwa dakika 25 hivi, simu haikupigwa. Kutoka Mirihi, ambako ishara huchukua dakika 3 hadi 22, hakuna mnara wa kusubiri risiti. Kwa umbali kama huo iliundwa itifaki ya vifurushi (Bundle Protocol), iliyoandikwa katika waraka wa kiufundi RFC 9171: kila kituo hushika data hadi njia ifunguke, hata saa kadhaa baadaye.