Viatu Kwanza: Madhara ya Kisukari Yasiyopiga Hodi

Kila mgonjwa wa kisukari anayeingia chumbani kwangu, mimi humwomba kwanza avue viatu na soksi, na wengi hunitazama kana kwamba nimewachanganya na mgonjwa mwingine. Mzee mmoja aliwahi kuniambia, "Daktari, miguu yangu haina shida, hainiumi hata kidogo." Nilipokigeuza kiatu chake cha kulia niliona ncha ya msumari imetokeza ndani kupitia soli, na soksi ilikuwa na doa la damu lililokwisha kukauka. Alikuwa ametembea na msumari ule kwa siku ambazo hakuweza kuzihesabu. Alisema kweli kwamba mguu haumuumi, na huko kutouma ndiko kulikonitia wasiwasi.

Ili kuelewa jambo hilo, ni vyema tuanze na sukari yenyewe. Seli za misuli na za mafuta huhitaji insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, ili kuipokea sukari, hivyo insulini ikipungua au ikikosa nguvu, sehemu kubwa ya sukari hubaki nje. Seli za retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, za figo, za mishipa ya fahamu na za utando wa ndani wa mishipa ya damu hazina kizuizi hicho, na sukari ikijaa katika damu, hujaa ndani yake pia. Sukari hiyo ya ziada hujibandika kwenye protini na kuziharibu umbo, sehemu yake hugeuka kuwa sorbitoli, kemikali ya jamii ya sukari inayorundikana ndani ya seli, na seli huanza kuzalisha kemikali zinazoidhuru kutoka ndani. Mishipa midogo ya damu hunenepa kuta, huvuja, kisha huziba. Kujibandika huko ndiko kunakopimwa na maabara katika kipimo cha HbA1c, yaani asilimia ya himoglobini iliyoshikwa na sukari, na kwa kuwa chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120, jibu lake huonyesha hali ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Halifichwi kwa kujinyima siku mbili kabla ya kliniki, na wagonjwa wangu waliojaribu wanalijua hilo.

Nirudi kwenye mguu, kwa sababu hapo ndipo uharibifu huonekana kwa macho. Mishipa ya fahamu iliyo mirefu kuliko yote ndiyo hudhurika mapema, kwa hiyo ganzi, au hisia ya kuchomwachomwa na kuwaka moto inayozidi usiku, huanzia kwenye vidole vya miguu na kupanda polepole kama soksi inayovutwa juu. Baadhi ya watu hawapati hisia hiyo ya moto hata siku moja. Wanapoteza tu uwezo wa kuhisi. Mishipa inayoongoza jasho nayo hufa, ngozi hukauka na kupasuka kisigino, na misuli midogo ya unyayo ikidhoofika vidole hujikunja, hivyo uzito wa mwili huangukia sehemu zisizozoea kuubeba. Hapo hujengeka sugu, ambayo mgonjwa huiona kama ngozi iliyokomaa tu. Mimi nikiikwangua kwa kisu maalumu, si mara moja wala mbili nimekuta chini yake damu nyeusi au kidonda kilichokwisha kuingia ndani. Tafadhali usiikate mwenyewe kwa wembe.

Kupima hisia hakuhitaji mtambo. Natumia uzi wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, nagusa sehemu kadhaa za unyayo, naye husema "ndiyo" kila anapohisi. Kimya chake ndicho jibu ninalolihofia. Asiyehisi uzi huo anapaswa kukagua nyayo zake kila siku, kwa kioo au kwa msaada wa mtu wa nyumbani, kutia mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na kupima joto la maji ya kuoga kwa kiwiko na si kwa mguu. Kidonda kikitokea, dawa ya kupaka haitoshi ikiwa mtu anaendelea kukikanyaga. Lazima uzito uondolewe pale, mara nyingi kwa plasta ngumu au kiatu maalumu, huku tukichunguza kama damu inafika na kama kuna maambukizi. Aidha, mguu uliovimba, mwekundu na wenye joto kuliko mwenzake, hata bila jeraha, usichukuliwe kuwa ni teguko tu. Huenda mifupa yake inavunjika na kuporomoka taratibu, hali iitwayo mguu wa Charcot, na kila hatua unayotembea huuharibu zaidi.

Macho hufuata kanuni ileile ya ukimya. Mishipa ya retina huvuja na kuziba, retina iliyokosa hewa huchochea mishipa mipya kuota, na hiyo mipya ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Mtu anaweza kusoma herufi ndogo kabisa za ubao wa kupimia leo, ilhali jicho lake tayari limo hatarini. Ndiyo maana mwenye kisukari cha aina ya pili huchunguzwa retina mara tu anapogundulika, kwani sukari yake huenda imekuwa juu kwa miaka bila kujulikana, na mwenye aina ya kwanza ndani ya miaka mitano. Uoni unaofifia na kurudi kadiri sukari inavyopanda na kushuka ni jambo jingine, kwa kawaida ni lenzi inayobadilika kwa maji, na namshauri mtu asinunue miwani mpya hadi sukari itulie kwa wiki kadhaa.

Kuhusu figo, kuna furaha moja ambayo imenisikitisha mara nyingi. Mgonjwa aliyehangaika na sukari kwa miaka huja akitabasamu kwamba sasa inashuka yenyewe, hata amepunguza sindano za insulini, na anaamini anapona. Insulini huondolewa mwilini kwa kiasi kikubwa na figo. Figo zikichoka, insulini hukaa muda mrefu zaidi katika damu na sukari hushuka. Dalili ya mapema ni albumini, protini ya damu, kuvuja katika mkojo, zaidi ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini (taka ya misuli inayochujwa na figo), wakati mgonjwa hana uvimbe wala maumivu na kipimo cha kreatinini katika damu bado kinaweza kusomeka kuwa cha kawaida. Ikigundulika hapo, udhibiti wa shinikizo la damu na dawa zinazolinda figo hupunguza kasi ya uharibifu kwa kiasi cha maana.

Moyo unahitaji neno fupi ingawa ndio unaoua wengi zaidi. Kisukari huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi karibu mara mbili, na mishipa ya fahamu iliyokufa inaweza kuufanya mshtuko upite bila maumivu ya kifua. Pumzi kukata ghafla, jasho jingi au uchovu usioelezeka huenda zikawa dalili pekee.

Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa ukaribu kulipunguza hatari ya kuanza kwa ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Hata hivyo, kundi hilohilo lilipatwa na sukari kushuka vibaya mara tatu zaidi, na retina iliyokwisha kuharibika inaweza kuzidi kwa muda sukari ya juu ikishushwa kwa haraka mno. Kwa sababu hiyo sifurahii mgonjwa anayetaka kumaliza miaka kumi ya uzembe kwa mwezi mmoja.

Na hapo kuna ukimya mwingine. Sukari ikishuka chini ya 3.9, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, mwili hutoa tahadhari: kutetemeka, moyo kwenda mbio, jasho, njaa. Anayeshuka mara kwa mara hupoteza tahadhari hizo, na ndugu zake humwona akiropoka kabla yeye mwenyewe hajajua. Tofauti na ganzi ya mguu, tahadhari hizi zinaweza kurudi. Mara nyingi tunalegeza dozi, tunakubali sukari iwe juu kidogo na kuzuia kushuka kokote kwa wiki chache, na mgonjwa hunipigia simu kuniambia, kwa furaha ambayo mtu mwingine asingeielewa, kwamba jana alitetemeka.