Tongxiang si ukabila

Nimesoma tena kwamba wafanyabiashara wa Wenzhou, mji wa mkoa wa Zhejiang mashariki mwa China, walijipanga Beijing "kikabila". Neno la Kichina lililofasiriwa hivyo ni tongxiang, na tafsiri hiyo inapotosha habari nzima.

Tongxiang ni mtu mliyetoka naye sehemu moja, basi. Tong ni "-moja, sawa". Utamu uko kwenye xiang. Leo maana yake ni kijijini, nyumbani kwenu, lakini herufi yake ya kale inaonyesha watu wawili wamepiga magoti wakitazamana, na katikati yao chombo cha chakula. Ilikuwa karamu kabla ya kuwa mahali. Damu haimo humo, ukoo haumo. Kilichomo ni kula pamoja.

Isitoshe, mtu wa Wenzhou na mwenyeji wa Beijing kwa kawaida wote ni Wahan, kabila lenye watu wengi zaidi China. Kilichowatenga ni hukou, usajili wa kaya uliowekewa sheria mwaka 1958. Aliyeandikishwa kijijini aliweza kushona na kuuza makoti ya ngozi Beijing miaka nenda rudi, na bado asihesabiwe mwenyeji.

Ndiyo maana mtaa wao wa Fengtai, kusini mwa jiji, uliitwa Zhejiangcun, "Kijiji cha Zhejiang". Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wenye mtaji miongoni mwao walijenga maboma yenye kuta, maji, umeme, mitaro ya majitaka na walinzi langoni. Hawakuwa na cheo chochote serikalini, lakini wapangaji wakigombana waliwaendea wao, na wao ndio waliokwenda kuzungumza na maofisa. Hiyo ni siasa kamili. Na ardhi ya maboma hayo waliikodi kwa nani? Kwa viongozi wa vijiji vya palepale Beijing, watu ambao si tongxiang wao hata kidogo. Ukisema "ukabila", mapatano hayo yote unayafuta.

Mwishoni mwa 1995 serikali ilibomoa zaidi ya maboma 40. Wengi walihamia mkoa jirani wa Hebei, na baada ya miezi michache wakaanza kurudi.

Kwa hiyo anayefasiri, naomba aandike tu "mtu wa kwetu". Tunalo tayari, tunalitumia kila siku tukiwa mbali na nyumbani, na halimuulizi mtu jina la babu yake.